Nyoka wa Edeni: mnyama, Shetani, au baba wa Kaini?

SWALI: "Bwana Yesu asifiwe, mwalimu. Nafundisha Shule ya Jumapili. Tulipofika Mwanzo sura ya 3, mtoto mmoja akaniuliza: kama aliyezungumza na Hawa ni Shetani, mbona Mungu alimlaani nyoka atambae kwa tumbo? Nyoka kakosa nini? Nilikosa la kumjibu. Halafu jirani yangu, muumini wa Ujumbe (wafuasi wa mhubiri William Branham), ananiambia nyoka yule hakuwa nyoka hata kidogo. Anasema alikuwa kiumbe aliyesimama wima kama mtu, akalala na Hawa, na Kaini ni mtoto wake. Naomba unieleze kwa Maandiko, huyu nyoka ni nani hasa?"

JIBU: Amina, mwalimu mwenzangu. Mtoto huyo kaligusa jambo ambalo wakubwa hulipita haraka: laana ya Mwanzo 3:14 inamwangukia mnyama. Jibu langu kwa ufupi ni kwamba Mwanzo yenyewe inamzungumzia nyoka, mmoja wa wanyama walioumbwa na Mungu, na hakuna mstari humo unaosema kuwa yeye ni Shetani. Agano Jipya, hasa Ufunuo, ndilo linalotufundisha kumwona Ibilisi nyuma ya nyoka yule. Mkristo huyashika yote mawili. Ila akilikimbilia la pili kabla hajalisikia la kwanza, sura nzima inamponyoka. Kwa hiyo tukae kwanza na Mwanzo.

Nanukuu Biblia ya Union, ile ambayo wengi wetu tumekulia. Mstari wa kwanza unasema: "Basi nyoka alikuwa mwerevu kuliko wanyama wote wa mwitu aliowafanya BWANA Mungu." Usiyapite maneno hayo ya mwisho. Kabla nyoka hajafumbua kinywa, msimulizi ameshamweka mahali pake: ni kiumbe, kafanywa na Mungu, yumo katika hesabu moja na wanyama wengine wa porini.

Waliosikia habari hii mara ya kwanza waliishi kati ya mataifa yaliyokuwa na nyoka wa namna nyingine kabisa. Wamisri walisimulia kwamba kila usiku jua hupita kuzimuni, na huko joka liitwalo Apofi hulivizia ili kulimeza, hata miungu ipigane nalo mpaka alfajiri. Katika mji wa Ugarit, pwani ya Shamu, vibao vya udongo vilivyoanza kufukuliwa mwaka 1929 vinamtaja Baali akimpiga Lotani, nyoka wa kujipindapinda. Huyo ndiye Isaya 27:1 anamwita lewiathani. Hadithi hizo zinahusu vita vya miungu. Sasa rudi Edeni. Mungu hapigani na nyoka wala hashindani naye kwa nguvu. Anatamka hukumu, na mambo yanaisha. Anayemgeuza nyoka wa Edeni kuwa mungu wa pili, mwenye nguvu zinazokaribiana na za Muumba, anamrudishia cheo ambacho Mwanzo ilikwisha kumvua.

Sikiliza pia anavyozungumza, maana hapa ndipo utamu wa sura ulipo, na watoto hulielewa jambo hili vizuri ukiwasomea taratibu. Mungu alikuwa amemwambia Adamu: "Matunda ya kila mti wa bustani waweza kula," isipokuwa mti mmoja. Nyoka anauliza: "Ati! Hivi ndivyo alivyosema Mungu, Msile matunda ya miti yote ya bustani?" Ruhusa iliyokuwa pana ameigeuza kuwa marufuku. Msimulizi, tangu sura ya 2, anamtaja "BWANA Mungu", kwa jina lake la agano. Nyoka anasema "Mungu" tu, na mwanamke anamfuata kwa kusema vilevile. Katika kujibu, mwanamke anaongeza neno ambalo halimo katika amri ya sura ya 2: "wala msiyaguse." Amri imeshaanza kuonekana nzito kuliko ilivyotolewa.

Kisha inakuja ahadi: hamtakufa, mtafumbuliwa macho, mtakuwa kama Mungu mkijua mema na mabaya. Jambo la kushtua ni kwamba sehemu ya maneno hayo inatokea kweli. Mstari wa 7 unasema wakafumbuliwa macho wote wawili. Katika mstari wa 22 Mungu mwenyewe anasema, "Basi, huyu mtu amekuwa kama mmoja wetu, kwa kujua mema na mabaya." Wala hawakuanguka na kufa siku ile ile. Nyoka hakusema uongo mtupu. Alichukua kweli akaipindisha, akayaficha aliyojua au aliyopaswa kujua: aibu, hofu, kufukuzwa, na mavumbi yatakayowarudisha ardhini. Werevu wa mstari wa kwanza ni huo.

Halafu tazama kesi inavyosikilizwa. Adamu anaulizwa, "Uko wapi?" Mwanamke anaulizwa, "Nini hili ulilolifanya?" Nyoka haulizwi chochote. Hapewi nafasi ya kueleza nia yake wala kusema alitumwa na nani. Laiti Mungu angemuuliza, huenda tungejua uovu ulitoka wapi, na maktaba nzima za vitabu zisingeandikwa. Mwanzo haikuufungua mlango huo. Inatuonyesha uovu ukiwa tayari umo bustanini, ukizungumza lugha ya kawaida, na macho ya msimulizi yanabaki kwa wanadamu wawili na yale waliyochagua. Mimi nauheshimu ukimya huo, na nakusihi nawe uuheshimu mbele ya watoto. Wakikuuliza nyoka aliupata wapi ubaya wake, waambie Mwanzo haisemi. Ni jibu la Biblia kabisa.

Shetani yuko wapi katika Agano la Kale, basi? Yuko mahali pachache. Katika Ayubu sura ya 1 na ya 2 anakuja mbele za Bwana pamoja na wana wa Mungu, akiwa mshitaki anayetilia shaka ucha Mungu wa Ayubu. Katika Zekaria sura ya 3 anasimama kumshitaki Yoshua kuhani mkuu. Katika 1 Nyakati 21:1 anamshawishi Daudi kuwahesabu watu. Hakuna hata pamoja anapounganishwa na bustani ya Edeni. Hakuna nabii anayemrudia nyoka yule na kumpa jina.

Uhusiano huo ulianza kuonekana katika maandishi ya Wayahudi ya karne chache kabla ya Kristo, tena haukuonekana kwa wote. Kitabu cha Hekima, kilichomo katika Biblia ya Wakatoliki, kinasema katika 2:24 kwamba mauti iliingia ulimwenguni kwa husuda ya Ibilisi. Nyoka hatajwi, ingawa bustani inasikika kwa mbali. Kitabu cha Henoko kinamtupia lawama ya kumpotosha Hawa malaika mmoja mwasi aitwaye Gadreeli. Kitabu cha Yubile kinabaki na mnyama, na kinasema siku ile wanyama wote walifungwa vinywa wasiweze kusema tena. Filo wa Aleksandria, mwanafalsafa Myahudi, alimwona nyoka kuwa mfano wa anasa. Yosefo, mwanahistoria Myahudi wa karne ya kwanza baada ya Kristo, naye anasimulia juu ya mnyama: aliwaonea wivu Adamu na mkewe, na kwa kosa lake akanyang'anywa sauti na miguu. Kwa hiyo hata siku za mitume, mtu mcha Mungu na msomi aliweza kuisoma sura hii bila kumtaja Shetani.

Ndani ya hali hiyo, mitume wakasema yao. Paulo katika 2 Wakorintho 11:3 anamtaja nyoka aliyemdanganya Hawa kwa hila yake, na mistari michache mbele, 11:14, anasema Shetani hujigeuza awe mfano wa malaika wa nuru. Katika Warumi 16:20 anaahidi kwamba Mungu wa amani atamseta Shetani chini ya miguu ya waamini, na kila anayeijua Mwanzo 3:15 anausikia mwangwi wake. Yesu, katika Yohana 8:44, anamwita Ibilisi mwuaji tangu mwanzo na baba wa uongo. Ufunuo 12:9 ndio unaolitamka wazi: "yule joka akatupwa, yule mkubwa, nyoka wa zamani, aitwaye Ibilisi na Shetani, audanganyaye ulimwengu wote." Ufunuo 20:2 unarudia.

Kwangu mimi mistari hiyo inatosha. Kanisa halikujitungia. Karne ya 2 Theofilo, askofu wa Antiokia, aliandika kwamba Shetani alisema na Hawa kupitia nyoka. Agostino, karne mbili na zaidi baadaye, akafafanua kwamba nyoka alitumiwa tu kama chombo, wala hakuyaelewa maneno yaliyotoka kinywani mwake. Ufafanuzi huu wa Agostino ndio uliozoeleka makanisani, na unasaidia, ila tuujue kuwa ni ufafanuzi. Biblia inapotaka kusema kwamba mnyama amefunguliwa kinywa na mwingine, inajua kusema hivyo. Habari za punda wa Balaamu katika Hesabu 22:28 zinaeleza wazi kwamba Bwana ndiye aliyekifunua kinywa chake. Mwanzo 3 haimtaji aliyekifungua kinywa cha nyoka.

Hapo ndipo mtoto wako alipotubana. Kama nyoka alikuwa chombo tu, mbona kalaaniwa? Wengine hujibu kwamba laana ni ya Shetani peke yake na maneno ya tumbo na mavumbi ni mfano. Siwezi kukubaliana nao kwa wepesi, kwa sababu mstari wenyewe unasema "umelaaniwa wewe kuliko wanyama wote, na kuliko hayawani wote walioko mwituni." Anayelinganishwa na wanyama ni mnyama. Kwa upande mwingine, nyoka hawali mavumbi. Wanakula panya, vyura na mayai, na kila mtoto wa kijijini anajua. Kula mavumbi katika Biblia ni lugha ya mtu aliyeshindwa na kudhalilishwa. Mika 7:17 inasema mataifa yatayaramba mavumbi kama nyoka, na Zaburi 72:9 inasema adui za mfalme watayaramba. Kwa hiyo hukumu inasemwa kwa mnyama, kwa maneno yanayomfaa mnyama, na ndani yake imebeba kushindwa kwa yule anayepita kiasi cha mnyama. Mstari wa 15 unaonyesha hilo: uadui unarithiwa kizazi hata kizazi, na mwishoni anayepondwa kichwa ni "wewe", nyoka yule yule, wala si mmoja wa wajukuu zake.

Mwambie mtoto hivi: katika Biblia, dhambi ya mmoja huwaumiza na wengine. Ardhi nayo ililaaniwa katika mstari wa 17, na ardhi haikuwa imemkosea mtu. Paulo katika Warumi 8:20 anasema viumbe vyote vilitiwa chini ya ubatili, tena si kwa hiari yao. Nyoka porini hana hatia ya kuhukumiwa nayo. Amebeba alama ya siku ile, kama ardhi ilivyobeba miiba.

Na miguu? Mwanzo haisemi kwamba nyoka alikuwa na miguu. Ni hitimisho la Yosefo na la walimu wa Kiyahudi waliomfuata, kutokana na maneno "kwa tumbo utakwenda." Kuna jambo lililonifurahisha hapa. Mwaka 2006 wataalamu wa visukuku, yaani mabaki ya viumbe vya kale yaliyogeuka mawe, walitangaza nyoka wa kale sana kutoka mkoa wa Río Negro, Argentina, aliyekuwa bado na miguu ya nyuma, wakampa jina Najash, yaani nyoka wa Mwanzo kwa Kiebrania. Hata leo chatu ana vijikucha viwili karibu na mkia, mabaki ya miguu. Waonyeshe watoto picha, watapenda. Lakini usisimamishe imani yao juu yake. Visukuku vinasimulia miili ya nyoka, na Mwanzo inasimulia uasi wa mwanadamu.

Kuna faida nyingine ya kuanza na mnyama. Ukifundisha kwamba kila penye nyoka ni Shetani, utakwama baadaye. Musa aliamriwa atengeneze nyoka wa shaba, na kila aliyeumwa akimtazama alipona (Hesabu 21). Yesu akajilinganisha na nyoka huyo katika Yohana 3:14, na akawaambia wanafunzi wawe na busara kama nyoka (Mathayo 10:16). Mwaka 1969, huko Timna, kusini mwa Israeli, palipokuwa na machimbo ya shaba, mwanaakiolojia Beno Rothenberg alifukua ndani ya hekalu dogo nyoka wa shaba, urefu wake kama sentimita 12, kichwa kimepakwa dhahabu. Sisemi ndiye wa Musa. Lakini sanamu ile inatuonyesha kwamba nyoka katika nchi zile alikuwa alama ya nguvu na uponyaji kama alivyokuwa alama ya kifo. Ndiyo sababu mfalme Hezekia alilazimika kumvunja yule wa Musa, watu walipokuwa wakimfukizia uvumba (2 Wafalme 18:4).

Utasikia pia Isaya 14 na Ezekieli 28 zikitajwa kama habari za Shetani kabla hajaingia katika nyoka. Zisome kuanzia juu. Isaya 14:4 inataja mfalme wa Babeli, na Ezekieli 28 inamsema mfalme wa Tiro, ambaye anaambiwa waziwazi kwamba yeye ni mwanadamu wala si Mungu. Ezekieli anataja Adeni, yaani Edeni, kweli, lakini nyoka hayumo. Kanisa la kale lilizisoma sura hizo kama picha ya kuanguka kwa Shetani, na picha hiyo ina uzito wake. Ushahidi wa nyoka ni nani haumo humo.

Kwa kuwa darasani kwako huenda kuna watoto wenye ndugu Waislamu, ujue kwamba Kurani haimtaji nyoka kabisa katika kisa hiki. Katika sura ya Al-A'raf na ya Ta Ha, Shetani mwenyewe ndiye anayetia wasiwasi, na Adamu na mkewe wanateleza pamoja. Nyoka anapatikana katika simulizi alizozikusanya Al-Tabari, mwanazuoni wa kale wa Kiislamu, za Ibilisi kuingia Peponi ndani ya kinywa cha nyoka, nazo wanazuoni kama Ibn Kathir wanazihesabu miongoni mwa masimulizi yaliyotoka kwa Wana wa Israeli. Kwa hiyo mtoto wa Kiislamu akisema kwao hakuna nyoka, anasema sawa.

Sasa jirani yako. Fundisho analokuambia linaitwa mbegu ya nyoka, na waamini wa Ujumbe walilipokea kwa William Branham, mhubiri wa Marekani aliyelihubiri mwaka 1958 huko Jeffersonville, Indiana. Hakuwa wa kwanza. Tafsiri moja ya Kiaramu ya torati, pamoja na kitabu cha marabi kiitwacho Pirke de Rabbi Eliezeri, zilikwisha kusema kwamba Hawa alichukua mimba ya Kaini kwa Samaeli, malaika mwasi. Ni wazo la zamani, lakini uzee hauligeuzi kuwa Maandiko. Tena limezaa matunda machungu: huko huko Marekani vikundi vya wabaguzi vimelitumia kudai kwamba Wayahudi ni uzao wa nyoka. Simtwishi jirani yako dhambi hiyo, ila ni vema ajue fundisho linaweza kufika wapi.

Mfungulie Mwanzo mwenyewe. Kama kula tunda maana yake ni kulala na nyoka, mstari wa 6 tuusomeje, unaposema mwanamke alimpa na mumewe, naye akala? Amri ya kutokula aliipokea Adamu katika 2:16-17, kabla mwanamke hajaumbwa. Je, ilikuwa amri juu ya nini? Kisha fika 4:1: Adamu akamjua Hawa mkewe, akapata mimba, akamzaa Kaini, naye Hawa akasema amepata mtoto mwanamume kwa Bwana. Baba ametajwa. Mama anamshukuru Mungu. Hakuna nafasi iliyobaki wazi ya kumwingiza mwingine.

Atakutolea 1 Yohana 3:12, kwamba Kaini alikuwa wa yule mwovu. Rudi naye nyuma mistari miwili. Katika 3:10 Yohana anaeleza watoto wa Ibilisi hutambulikanaje: mtu asiyetenda haki, na asiyempenda ndugu yake. Ni habari ya matendo. Katika Yohana 8:44 Yesu aliwaambia watu waliosimama mbele yake kwamba baba yao ni Ibilisi, na hakuna anayedhani mama zao walilala na Shetani. Akisema Paulo anamlinganisha Hawa na bikira aliyeharibiwa, msomee 2 Wakorintho 11:3 mpaka mwisho: kinachoharibiwa pale ni "fikra zenu."

Ukiwa na nafasi ya mstari mmoja tu, chukua Mwanzo 4:7. Kaini amekasirika, uso umekunjamana, hajamwua ndugu yake bado. Mungu anamjia na kumwambia kwamba akitenda vyema atapata kibali, asipotenda vyema dhambi inamwotea mlangoni, inamtamani, "walakini yapasa uishinde." Muulize jirani yako kwa upole kama maneno hayo angeambiwa mtoto aliyezaliwa na uovu katika damu yake.